Pugu: Stesheni Iliyowasubiri Watu Wake

Agosti 2026 treni ya mjini iendayo Pugu inatimiza miaka kumi. Kwa reli iliyotandikwa enzi za Mjerumani, miaka kumi ni mambo ya juzi. Lakini ukiifuatilia historia ya stesheni hii utaona kwamba ndiyo miaka kumi ya kwanza ambayo Pugu imefanya kazi ya watu wa Pugu kabla ya kazi ya wengine. Miaka mia moja na ushei iliyotangulia ilikuwa ya mkonge, pamba, shaba ya Kongo, ng'ombe wa Usukumani, na wasafiri wa bara waliochungulia dirishani wakaambiana kuwa Dar es Salaam imekaribia.

Pugu iko kilomita ishirini hivi kutoka bandarini, upande wa kusini-magharibi, pale tambarare ya pwani inapoanza kuinuka kuwa vilima. Ni Uzaramoni. Kabla ya reli, nchi hii iliyo nyuma ya pwani ilijulikana kwa sandarusi, ile gundi ya miti ya kale iliyochimbwa ardhini, ikabebwa hadi Zanzibar na kutoka huko ikasafirishwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Vilima vyenyewe vina msitu ambao wataalamu wa mimea huusoma mpaka leo, na chini yake umelala udongo mweupe wa kaolini.

Wageni wa kwanza kujenga makao ya kudumu hapa walikuwa wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani, mwaka 1888. Hawakukaa sana. Mwaka huo huo pwani iliinuka kumpinga Mjerumani chini ya Abushiri bin Salim, na tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ikavamiwa. Watawa watatu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye wakakombolewa. Nalitaja tukio hili kwa sababu Pugu mara nyingi husimuliwa kama pori tupu lililokuwa likingoja reli, na haikuwa hivyo. Palikuwa na watu, palikuwa na biashara, na damu ilikwisha kumwagika hapa miaka kumi na sita kabla chuma cha kwanza hakijalazwa.

Reli yenyewe ilianzia Dar es Salaam. Tarehe 9 Februari 1905 mwana wa mfalme wa Ujerumani, Prinz Adalbert, alipiga jembe la kwanza kwa heshima zote za kiserikali. Fedha zilikusanywa na mabenki yaliyoongozwa na Deutsche Bank, serikali ya Ujerumani ikaweka dhamana, na kazi akapewa mkandarasi Philipp Holzmann wa Frankfurt. Njia ilikuwa ya upana wa mita moja. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawakawii kuumaliza mti.

Miezi michache baada ya sherehe ile, Vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Ni vigumu kuitenga reli na vita hivyo, maana tuta lile lilijengwa katika nchi ambayo kazi ya shokoa na kodi ya nyumba vilikuwa vimewachosha watu hadi wakaona heri kufa. Vibarua waliokata vilima vya Pugu hawana kumbukumbu iliyoandikwa majina yao. Mhandisi mmoja anayo. Clement Gillman, aliyefika mwaka huo wa 1905 kuajiriwa kwenye ujenzi, alikuwa na mazoea ya kuandika shajara. Mwingereza akaja kuichukua nchi, Gillman akabaki, akapanda cheo hadi kuwa mhandisi mkuu wa reli ya Tanganyika, na mwaka 1936 akatoa ramani ya idadi ya watu wa Tanganyika ambayo wanajiografia waliitumia kwa miaka mingi. Huyu ni mtu aliyetumia robo tatu ya utu uzima wake kuishughulikia njia hii moja ya chuma, na kama ningeulizwa ni nani anastahili kutajwa kwenye kibao cha stesheni yoyote ya Reli ya Kati, ningemtaja yeye, kisha ningeacha nafasi kubwa kwa wale vibarua.

Morogoro ilifikiwa mwaka 1907. Njia ikaendelea kwenda Dodoma, Tabora ikafikiwa mwaka 1912, na Februari 1914 ikagusa Ziwa Tanganyika pale Kigoma, kilomita 1,252 kutoka baharini. Nusu mwaka baadaye vita ya dunia ikaanza. Mwingereza alipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, alikuta Wajerumani wamerudi bara huku wakivunja madaraja nyuma yao, na jeshi lililoshinda likatumia muda mrefu kuyajenga upya ili reli iweze kulihudumia.

Katika habari zote hizi Pugu ni jina dogo katika orodha. Ukubwa wake ulitokana na jiografia. Treni ya mzigo inayotoka bandarini huanza safari usawa wa bahari, na vilima vya Pugu ndivyo mwinuko wa kwanza wa maana inaokutana nao. Halafu njia ni moja. Treni inayopanda na inayoshuka haziwezi kukutana katikati, kwa hiyo mojawapo lazima iingie kwenye reli ya pembeni stesheni ingojee mwenzake ipite. Stesheni masta hana ruhusa ya kuachia treni mpaka mwenzake wa stesheni ya mbele athibitishe kuwa njia ni tupu. Kazi hii ya kupishana ndiyo iliyokuwa kazi halisi ya Pugu kwa miaka mingi: mtu wa bendera, mtu wa kubadili njia, masta mwenye kofia, taa ya mafuta usiku, na treni iliyojaa mali ya watu wengine imesimama mbele yao ikihema.

Mali hiyo ilikuwa ya watu wa mbali kweli kweli. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo yao maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, mahali watu walipopaita Belbesi, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila kutozwa ushuru. Shaba ya Katanga ikateremka kwa njia hii. Mkonge wa Kilosa na Morogoro nao. Mkulima wa Kizaramo aliyekuwa na mihogo na nazi alikaa kando ya barabara kuu ya uchumi wa Afrika ya kati, na bado alibeba mihogo yake kichwani kwenda mjini.

Kilichopita Pugu bila kulipiwa nauli ni habari. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri na reli kwenda bara, stesheni hadi stesheni, wafanyakazi wa reli wakiupokea na kuupeleka mbele. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1960, chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli chini ya Kasanga Tumbo kiliendesha mgomo mwingine mrefu uliotikisa nchi ikiwa imebakiza mwaka mmoja na ushei kupata uhuru. Stesheni ndogo kama Pugu hazitajwi katika maandiko ya migomo hiyo, lakini hakuna treni iliyoweza kwenda bara bila kupita hapo.

Kati ya migomo hiyo miwili, Pugu ilipata mkazi aliyeifanya ijulikane kuliko reli ilivyowahi kuifanya. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, na mwaka uliofuata alikuwa mwalimu katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko, ile ambayo leo ni Pugu Sekondari. Mwaka huo huo wa 1953 akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU. Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague kati ya chaki na siasa, akaacha ualimu.

Masimulizi yanayojulikana sana yanasema Mwalimu alikuwa akienda mjini kwenye mikutano kwa miguu na kurudi kwa miguu. Watu huyasimulia kuonyesha moyo wake, na ni sawa. Mimi huyasikia pia kama habari ya reli. Mtu anaishi mahali penye stesheni, mji anaoutaka uko mwisho wa njia hiyo hiyo, na bado anatembea. Treni ya bara ilipangwa kwa ajili ya anayekwenda Tabora. Haikumfikiria mtu anayetaka kuwahi kikao Kariakoo alasiri na kurejea kulala kwake. Barabara aliyoifuata ilikuwa ikiitwa Barabara ya Pugu, na sasa inaitwa kwa jina lake.

Shule ile na jirani yake Minaki, ya Waanglikana, upande wa Kisarawe, zilikusanya vijana kutoka kila pembe ya Tanganyika. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa rais wa nchi, alisoma Pugu. Kwa mwanafunzi wa Kigoma, Tabora au Mwanza, Reli ya Kati ndiyo iliyokuwa njia ya kufika huku, sanduku la bati juu ya kichwa na barua ya shule mfukoni.

Baada ya uhuru wenye reli wakabadilika zaidi kuliko reli. Tangu 1948 ilikuwa chini ya shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Shirika la Reli lake, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya TRL, ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa. Ndoa hiyo haikudumu. Mafuriko ya mwisho wa 2009 yaliichukua njia kule Kilosa, mishahara ikawa ugomvi, na mwaka 2011 serikali ilikuwa imekwisha kurudisha hisa zote mikononi mwake. Sheria ya mwaka 2017 ikalirudisha jina la TRC. Sitakaa sana hapa. Yeyote aliyepanda treni ya Kigoma miaka ile anajua habari hii bila kusimuliwa.

Karibu na Pugu kukatokea pia reli nyingine kabisa. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inaondoka Dar es Salaam kuelekea Zambia kwa upana wa milimita 1,067, na moja ya vituo vyake vya karibu na mji ni Mwakanga, huku huku Pugu. Reli mbili zikawa majirani bila kuweza kubadilishana hata behewa moja.

Na ng'ombe. Huwezi kuandika habari za Pugu ukaacha mnada. Ng'ombe wa Shinyanga, Mwanza, Tabora na Dodoma huletwa mnada wa Pugu kwa malori na kwa mabehewa ya mifugo, hununuliwa hapo, kisha huelekea machinjioni, wengi wao Vingunguti. Nyama inayochomwa Dar es Salaam Jumamosi usiku, sehemu yake kubwa ilipata bei yake Pugu kwanza. Wafugaji, madalali, wapika chai, wauza kamba na fimbo, wenye vibanda vya supu ya alfajiri: uchumi mzima ulijengeka kuzunguka mnyama aliyeshushwa mwishoni mwa safari yake. Kuna kejeli fulani kwamba kwa miongo kadhaa ng'ombe wa Shinyanga alikuwa na usafiri wa uhakika zaidi wa kufika Pugu kuliko karani wa Pugu wa kufika Posta.

Wakati huo mji ulikuwa ukija. Sensa ya 1957 iliikuta Dar es Salaam na watu 128,742. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao walikwenda kukaa wapi? Wengi walifuata barabara zinazotoka mjini, na mojawapo ni hii ya Pugu: Kipawa, Karakata, Banana, Ukonga, Gongo la Mboto, kisha viwanja vya bei nafuu zaidi Pugu na mbele yake Chanika. Mashamba ya mihogo yakakatwa viwanja. Pakazuka makazi yaliyoitwa kwa alama yao kubwa kuliko zote, na leo kuna kata nzima ya Jiji la Dar es Salaam inayoitwa Pugu Stesheni. Stesheni ilikuwa imezaa kata, na bado kata haikuwa na treni ya kupanda asubuhi.

Mlango ulifunguliwa kwingine. Tarehe 29 Oktoba 2012, baada ya foleni za barabarani kuwa kero ya taifa, treni za abiria wa mjini zilianza Dar es Salaam kwa njia mbili: TRL kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, na TAZARA kuelekea Mwakanga. Nauli ya TRL ilikuwa Sh 400 kwa mtu mzima na Sh 100 kwa mwanafunzi. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, na wananchi hawakupoteza muda kutafuta jina: treni ya Mwakyembe. Waziri alihamishwa wizara, jina likabaki vinywani. Mabehewa yalikuwa ya zamani yaliyokarabatiwa, asubuhi yakija mjini na jioni yakirudi, na watu waliyajaza kuanzia siku za mwanzo.

Agosti 2016 zamu ya Pugu ikafika. Treni ya TRL ikaanza kuunganisha Pugu na Stesheni ya katikati ya jiji, ikichukua watu Gongo la Mboto, Karakata, Vingunguti, hadi Kamata. Kwa mara ya kwanza ratiba ya stesheni ya Pugu iliandikwa kuanzia saa ya mtu anayekwenda kazini. Machinga mwenye mzigo wa Kariakoo, mwanafunzi wa sare ambaye makondakta wa daladala humkwepa, mama wa mboga anayetaka kufika Ilala kabla jua halijawa kali: hawa hawakuwa na habari na Prinz Adalbert wala Belbesi, lakini ndio waliokuja kukaa kwenye mabehewa ya njia ile ile.

Si kwamba mambo yalinyooka. Njia bado ni moja, mzigo wa bandari bado unaipita, na treni ya abiria ikichelewa kupishana, behewa zima huchelewa kazini kwa pamoja. Safari ni za asubuhi na jioni. Mchana Pugu hurudia kazi yake ya zamani. Anayepanda daladala anaweza kuondoka dakika yoyote, na sasa barabara ya mwendokasi ya awamu ya tatu imejengwa hadi Gongo la Mboto, jirani na Pugu. Treni inashinda kwa jambo moja, nalo ni kwamba haikai kwenye foleni ya magari ya makutano ya TAZARA.

Mwaka mmoja haujapita tangu treni hiyo ianze, Pugu ikawa uwanja wa sherehe kubwa kuliko zote katika historia yake. Tarehe 12 Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka hapo jiwe la msingi la reli ya kisasa, SGR, kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro: kilomita 205 za njia kuu, 300 ukijumlisha na za kupishana, kwa upana wa milimita 1,435, mkandarasi akiwa Yapi Merkezi ya Uturuki pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Mkataba ulisema miezi 30. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli walipanda Juni 2024, zaidi ya miaka saba baadaye. Hiyo ndiyo kawaida ya reli katika nchi hii tangu enzi za Mjerumani, ambaye naye alichukua miaka tisa kufika ziwani, na hakuna aliyekumbuka kuchelewa pale umeme ulipowaka na kichwa cha treni kikanyamaza kimya kikienda kilomita 160 kwa saa.

SGR ilileta stesheni mpya ya Pugu, ya vioo na ngazi, ya kwanza ukitoka Dar es Salaam kabla ya Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Kwa hiyo eneo hili sasa lina reli za vipimo vitatu: mita moja ya Mjerumani, ya TAZARA, na ya kisasa. Treni za kawaida za SGR husimama Pugu. Zile za haraka, pamoja na zile zenye pua iliyochongoka, ziitwazo mchongoko, zilizoanza kazi mwaka 2024, zinaipita kama treni za Kigoma zilivyokuwa zikiipita zamani, ila sasa hata uso wa abiria dirishani huwezi kuuona.

Wapo wanaodhani reli ya zamani imekwisha kazi. Mimi siungani nao, na sababu inaonekana kwenye ramani. Kati ya Dar es Salaam na Pugu, SGR haina kituo hata kimoja. Anayefanya kazi Vingunguti, anayeuza Kamata, anayeshukia Karakata kuelekea uwanja wa ndege, hana faida na treni inayokwenda kasi ya Morogoro. Wake ni ule mstari wa mita moja unaosimama kila baada ya mwendo mfupi. Serikali yenyewe inaonekana kulijua hilo, kwa kuwa hata wakati SGR inajengwa, njia ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, ilikuwa ikikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, madaraja yakiimarishwa na reli nyembamba zikibadilishwa.

Sasa mzigo wa masafa marefu umeanza kuhamia njia ya kisasa, na kila treni ya mzigo inayohama inaacha nafasi kwenye njia ya zamani. Nafasi hiyo inaweza kugeuzwa treni ya saa sita mchana, au ya saa tatu usiku kwa wanaofunga maduka Kariakoo. Haihitaji jiwe la msingi wala wageni wa heshima. Inahitaji vichwa viwili vitatu vinavyowaka kila asubuhi, reli moja zaidi ya kupishana baina ya Kamata na Gongo la Mboto, na ratiba iliyobandikwa ukutani Pugu ambayo inaheshimiwa.